Muziki Usio na Maneno

Watu wanatuuliza: watoto wa wakimbizi na muziki wa okestra, wapi na wapi? Si mngewapa mpira tu? Mpira tunawapa. Ila Jumamosi, hapa Nyamirambo, Kigali, tunakaa na watoto wa shule ya msingi tunasikiliza, na sababu tunayo.

Watoto wetu wengine wametoka Kivu, wengine Burundi. Nyumbani ni Kiswahili, Kifuliru au Kirundi, barabarani Kinyarwanda, darasani Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwao, hapa anakaa kimya. Si kwamba hajui, ni lugha tu. Sasa muziki usio na maneno unawaweka wote mstari mmoja. Hakuna aliyetangulia.

Tunaanza na hadithi, maana hadithi wanazijua tangu kwa bibi, za sungura na fisi. Mwaka 1936 Mrusi Sergei Prokofiev alitunga "Peter and the Wolf" kwa ajili ya watoto. Kila mhusika ana chombo chake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, bata ni obo inayolia kama zumari, mbwa mwitu ni honi tatu. Tunasimulia wenyewe kwa Kiswahili, muziki unatoka kwenye simu na spika ndogo. Kwanza wanasikia kila chombo peke yake, wanakisia ni nani. Dakika tano tu, halafu tunainuka kutembea kama paka.

Mwishoni mbwa mwitu amekamatwa, lakini bata alishamezwa. Ile sauti ya bata ikasikika tena, polepole. Sisi hatukusema kitu. Msichana mmoja, ambaye tangu aje hatujamsikia hata kusalimia, akasimama: "Yaya, bata haiyakufa! Iko mu tumbo!"

Na ni kweli. Mtunzi alimwacha bata hai, na yeye ndiye aliyemsikia wa kwanza.

Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, hapo tuna ombi. Msiandike kila kitu kwenye ripoti kuwa ni tiba ya majeraha. Yule mtoto ana sikio zuri. Andikeni hivyo.

Kuna wazazi wanasema huu ni muziki wa wazungu. Tunawaambia habari za Kinshasa: Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbanguisti mwaka 1994, vyombo havitoshi, uzi wa vayolini ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven. Halafu tunawasikilizisha watoto inanga ya Rwanda, tunawauliza: hii na vayolini ni ndugu? Wanabishana mpaka jioni.

Vijana wenzetu wa Mahama, Kiziba na kwingine, jaribuni. Simu moja, spika moja, kivuli cha mti. Simulieni hadithi, halafu mnyamaze, mwache mtoto aseme amesikia nini.