Maleba ya binti yangu hayakutoka dukani

Ikiwa una mtoto katika shule ya chekechea, bila shaka unaijua barua ninayotaka kukusimulia. Huja jioni, imekunjwa ndani ya daftari, nawe huisoma ukiwa umesimama jikoni mwiko mkononi. Yangu ilisema kwamba baada ya wiki mbili kungekuwa na siku ya utamaduni, na kila mtoto alitakiwa kufika na maleba ya jamii yake.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote Januari 2019, barua za aina hii zimezoeleka, na manung'uniko ya wazazi vilevile. Mimi sikunung'unika. Niliogopa.

Mwaka wa 1984 nilikuwa darasa la pili katika shule moja huko Kitui. Ndio mwaka wa ule ukame mkubwa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada. Shuleni tulifunzwa ngoma ya kuwatumbuiza wageni, na kila mtoto aliagizwa kuja na sketi ya makonge. Siku ilipowadia, nilikwenda na sare yangu ya kila siku. Mwalimu alinitazama, akanitoa katika mstari, akaniambia nikae kando ya ua. Nyimbo zote nilizijua. Niliziimba kimoyomoyo hadi wageni wakaondoka.

Basi nilipoisoma barua ya binti yangu, nilikimbilia duka la kukodisha maleba mjini. Sketi, shanga na utepe wa kichwani: shilingi 1,500 kwa siku moja, pamoja na dhamana ya shilingi 2,000. Mume wangu alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi miwili. Hata hivyo nilikuwa tayari kukopa kwa simu, mradi kitinda mimba wangu asikae kando ya ua.

Kabla sijakopa, likizo fupi ya katikati ya muhula ikafika. Ilikuwa mwisho wa Februari, ndengu zimevunwa, nasi tulikuwa tumepanga kwenda mashambani kuchukua chakula. Tulianzia kwa wakwe zangu, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Jioni hiyo nilimweleza mama mkwe shida yangu. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mtoto.

"Na wewe, wataka kuwa nani siku hiyo?"

Nilishtuka. Mimi mzazi wake sikuwa nimemuuliza swali hilo hata mara moja.

"Nataka kuwa susu," binti akajibu. Susu kwa Kikamba ni nyanya. "Susu anayecheza ngoma."

Asubuhi wakaandamana hadi kwenye mpaka wa shamba. Susu alikata majani ya mkonge, akaondoa miiba, akayapasua, kisha akayakwangua juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani ikatoka na kubaki nyuzi nyeupe. Mtoto alikatazwa kugusa majani mabichi, kwa kuwa maji yake huwasha ngozi. Kazi yake ilikuwa kusuuza nyuzi katika beseni na kuzianika. Kwa jua la Kibwezi, hazikukawia kukauka. Susu akamwonyesha jinsi ya kufunga kila kichala kwenye kamba ya kiunoni: kunja mara mbili, pitisha, vuta. Kumi za kwanza zilifunguka. Susu hakumsaidia. Alimwambia tu, "Rudia."

Usidhani, msomaji, kwamba mkonge wenyewe ni wa kale sana kwetu. Asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka wa 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Akina susu wa zamani walisokota nyuzi za mbuyu na za magome ya miti mingine. Shanga nazo zilipanda kutoka pwani kwa misafara ya biashara, ambayo Wakamba wa Kitui walivuma kwayo katika karne ya 19. Kumbe hata hilo tunaloliita vazi la jadi lilitengenezwa kwa kile kilichopatikana.

Jumamosi tulipanda matatu kwa barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo hadi Kitui, ambayo siku hizi ni ya lami, tukafika kwa mama yangu mzazi. Yeye alitoa leso yake kuukuu ya kufunga kifuani. Akachukua kibuyu kidogo kilichokauka, akakitia ndengu kiganja kimoja na kukiziba kwa gunzi, kikawa manyanga. Vifuniko vya soda nilivipondaponda kwa jiwe, nikavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye kitambaa. Hizo zikawa njuga za miguuni.

Tukiwa katika kazi hiyo, nikamsimulia habari ya 1984. Alikuwa hajawahi kuisikia. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia? Makonge si yalikuwa pale mpakani!"

Sikuwa na jibu. Nilimwona akihangaika na sufuria ya mahindi ya manjano, nikadhani sketi ni jambo la pesa. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba umaskini wetu ndio ulioniweka kando ya ua. Kumbe mmea wenyewe ulikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni, na mikono ya kuutengeneza ilikuwepo. Kilichokosekana ni neno moja kutoka kwangu.

Siku ya utamaduni ilifika. Sitakudanganya kwamba binti yangu aliwashinda wote. Asubuhi alilia alipoona shanga za rafiki yake zikimetameta. Mama mmoja aliuliza kwa kicheko ikiwa tulimvika fagio. Lakini mwalimu alipowauliza watoto kuhusu mavazi yao, wangu alisimama na kueleza: makonge ya susu wa Kibwezi, kibuyu cha susu wa Kitui, vifuniko vya mama, mafundo yake mwenyewe.

Katikati ya ngoma, vichala vitatu vikafunguka. Moyo ulinipasuka, nikamwona tayari kando ya ua. Yeye aliinama, akakunja mara mbili, akapitisha, akavuta, akaendelea kucheza. Mchana, rafiki yake mwenye shanga alikatazwa kuketi nyasini, maana vazi lilikuwa la watu na dhamana ilikuwa dukani. Wangu alibiringika hadi sketi ikabaki nusu.

Nawe mzazi wa mjini usiseme huna shamba. Shuka kuukuu ukiichemsha na majani ya chai hupata rangi ya ngozi ya mnyama. Katoni ya sabuni hutoa ngao, na gunia ukilifumua ukingo hupata nyuzi za kuning'inia. Angalia tu mambo machache. Kamba isizunguke shingo. Kofia au kinyago kisizibe macho wala pua. Ncha za vifuniko zikunjwe ndani, na mtoto avae soksi. Nyuzi hushika moto upesi, kwa hiyo asisogelee jiko akiwa amezivaa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mkiagizwa kitu shuleni, semeni nyumbani. Msimfichie mzazi kwa kumhurumia kama nilivyofanya mimi. Huenda jibu liko mpakani mwa shamba.

Na barua ikija, mzazi mwenzangu, usianze kwa kuhesabu pesa. Muulize kwanza mtoto anataka kuwa nani, kisha mwachie afunge japo fundo moja kwa mkono wake. Wahenga walisema, cha kuazima hakistiri maungo. Ile nusu ya sketi iliyobaki ingali imetundikwa nyuma ya mlango wetu, na kila wiki binti huongeza kichala kimoja.