Fimbo ya simu, mbwa wa Bunda na sauti ya Mama

Wiki hii sina stori za disko. Nilikuwa nazunguka Mkoa wa Mara nimepinda magoti kama mwizi wa kuku, simu mkononi. Usinicheke kwanza, nisikilize.

Chanzo ni dada yangu. Yuko Muscat, Oman, tangu mwaka 2022, anafanya kazi za ndani. Kila akipiga anataka aonyeshwe ziwa, barabara za kwetu, na hasa Simba, mbwa aliyemlea mwenyewe tangu kadogo. Lakini mkono wangu haujatulia, picha inayumba kama mtumbwi kwenye dhoruba. "Mdogo wangu, video zako zinanitia kichefuchefu," akaniambia laivu.

Nikajichanga, nikanunua gimbali ya mtumba kwa Sh. 110,000/=. Kama huijui, ni ile fimbo ya kushikia simu wanayotembea nayo wapiga video wa harusi. Ndani ina mota tatu ndogo. Mkono ukiinama kushoto, mota inavuta kulia, simu inabaki wima. Enzi zile ilikuwa kazi ya mitambo ya watu wazima: Mmarekani Garrett Brown ndiye aliyebuni ule wa kuvaa mwilini, ukatumika kwenye filamu ya "Rocky" ya mwaka 1976. Leo kitu hicho kinaingia kwenye mkoba.

Ila usidanganyike. Usipoisawazisha simu kabla ya kuwasha, mota zinalia na kupata moto. Halafu zinatuliza kuinama na kugeuka tu. Ule mdundo wa hatua zako, juu chini, haziuwezi. Ndiyo maana ya kupinda magoti na kunyata.

MWIGOBERO, SAA 12 ASUBUHI

Nilianzia mwaloni Mwigobero, hapa hapa Musoma. Dagaa wanashushwa, wapagazi wanapiga kelele, na paka wamejipanga kama wana hisa kwenye mitumbwi. Ukimrekodi paka ukiwa umesimama unapata mgongo na masikio tu. Nikaigeuza fimbo juu chini, simu ikaning'inia karibu na ardhi, nikamfuata mmoja wa rangi ya chungwa katikati ya ndoo. Bwana wee! Mji mzima ukaonekana kwa urefu wa paka: kandambili, magamba ya sangara, matairi ya baiskeli.

Ghafla mama mmoja muuza samaki akanidaka. "We kijana, umeniomba?" Nikamwamkia, nikafuta kipande alichotokea mbele ya macho yake. Akalainika. "Haya, rekodi hao paka. Hao hawadaiwi ushuru."

Somo la kwanza hilo: fimbo inatuliza simu, haitulizi watu. Omba kwanza.

BUTIAMA KWA MWALIMU

Kutoka Musoma nilipanda haisi mpaka Makutano, nikaunga ya Butiama. Dada alikumbuka safari yetu ya shule ya msingi huko, alitaka kupaona tena. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, na baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, alirudishwa kuzikwa hapo hapo nyumbani, Mwitongo. Makumbusho yake nayo yalifunguliwa mwaka huo huo wa 1999.

Ndani sikurekodi. Nje niliomba ruhusa, nikapita taratibu kwenye mawe makubwa na miti. Kwenye kaburi nikaizima kabisa, nikasimama kama watu wengine. Kuna mahali ukinyata na fimbo ya simu unaonekana huna adabu.

BUNDA, KWA MAMA

Nikarudi Makutano, nikadaka basi la kwenda Mwanza, nikashukia Bunda. Pale barabara kuu inapita katikati ya mji, malori na bodaboda havipumziki. Nikarekodi kidogo, nikaingia uchochoro wa nyumbani.

Simba kaniona, kafurahi. Kaiona fimbo, katimua mbio! Mbwa wa kwetu anaijua fimbo kwa kazi moja tu. Nikakaa chini, nikaiweka mapajani, nikangoja karibu nusu saa. Mama akawa anamwita kutoka jikoni: "Simba, acha ujinga, huyo si mtoto wa hapa?" Mwenyewe alikataa kuonekana, eti nywele hazijasukwa. Mwisho mbwa akaja akanusa kioo. Picha imetulia kama maji ya mtungini.

Usiku nikazikata video, nikaondoa sauti yote kwa sababu ya upepo wa ziwa na honi, nikaweka Bongo Fleva, nikatuma. Nilijiona bingwa.

Dada akajibu: "Nzuri, safari hii haiyumbi. Ila hapo Simba anageuza kichwa, nani anamwita?"

Nilinyong'onyea. Vipande vya Musoma na Butiama nilishavifuta simu ilipojaa. Cha Bunda kilikuwepo bado. Nikamtumia kikiwa kibichi, na kelele zake zote.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu ukaja ujumbe: "Mama kakohoa mara nne. Kaanza lini?"

Mimi niliyekaa naye mchana kutwa sikuwa nimesikia. Mama alipoulizwa akasema ni moshi wa kuni tu. Kulipokucha tukampeleka hospitali, kumbe alikuwa na wiki tatu anakohoa akituficha. Amepimwa, kapewa dawa, anaendelea vizuri.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukinunua fimbo yako, nyata, inama mpaka urefu wa paka, omba ruhusa. Lakini ukirekodi nyumbani, sauti usiifute. Kwa leo naishia hapa, tukutane wiki ijayo.