Kodi ya Nyumba Iliyolisha Wagonjwa

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jina Sewahaji hutajwa kutwa nzima. Ndugu huulizana mgonjwa amelazwa wapi, na jibu huwa Sewahaji, Mwaisela au Kibasila. Jina limezoeleka kuwa la jengo hata wengi wanaolitamka hawajui kuwa lilikuwa la mtu. Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851 katika ukoo wa Khoja Ismailia wenye asili ya Kachi, akafariki mwaka 1897 kabla hajatimiza miaka 50. Alikuwa mfanyabiashara wa misafara na mwenye nyumba mkubwa wa Bagamoyo. Wakarimu wamepita wengi katika pwani hii, wengine wakiwa na mali kumzidi. Kinachonifanya nimkumbuke yeye ni namna alivyotoa: aliifunga kodi ya nyumba zake na sahani ya mgonjwa, ili msaada uendelee baada ya yeye kuzikwa. Naamini namna hiyo ya kutoa ndiyo tuliyoipoteza, na inafaa tuirudie.

Maisha yake yalikuwa ya kuvuka maji kati ya Unguja na Mrima. Bagamoyo ya ujana wake ilikuwa mlango wa bara: wapagazi kwa maelfu walishuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wakapumzika, kisha wakapanda tena na merikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba hadi Tabora na Ujiji. Aliyetaka kwenda bara alihitaji watu, bidhaa na mkopo, na Sewa Haji aliviuza vyote vitatu. Mji wa namna hiyo ulimtajirisha mwenye nyumba kwa urahisi. Wageni walitaka pa kulala, wafanyabiashara walitaka maghala, na mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliacha rehani yake kwa mdai. Mji huohuo ulimwonyesha kila siku gharama ya utajiri huo, kwani mpagazi aliyeugua njiani aliishia kwenye mitaa ileile yenye nyumba za kupangisha. Naliona hili kuwa jambo kubwa katika kuelewa wema wake. Hakuwa mbali na wale waliohitaji msaada. Mali yake ilikuwa katikati yao.

Tazama basi alichokifanya katika miaka yake ya mwisho. Alitoa jengo la shule Bagamoyo na kuikabidhi serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba isibague watoto kwa rangi. Jengo hilo bado linasimama, na watoto wa Shule ya Msingi Mwambao wamesomea humo. Dar es Salaam, iliyokuwa imechukua nafasi ya Bagamoyo kama makao makuu ya koloni mwaka 1891, alitoa fedha za hospitali kwa ajili ya Waafrika na Waasia, wakati Wazungu wakijengewa yao ufukweni, ile tunayoiita Ocean Road. Kisha likaja jambo kubwa kuliko majengo. Aliiachia serikali nyumba na viwanja vyake kwa sharti kwamba mapato yake yawasaidie wenye ukoma wa Bagamoyo na kuwalisha wagonjwa wa hospitali ya Dar es Salaam. Waislamu wa pwani wanaijua vizuri fikra hiyo kupitia wakfu: mali yenyewe haiuzwi wala haigawanywi, faida yake tu ndiyo hutumika, mwaka baada ya mwaka. Anayejenga wodi huanzisha gharama. Anayeacha kodi huilipa gharama hiyo.

Yapo mapingamizi, tena mazito. Henry Stanley, aliyeandaa msafara wake Bagamoyo mwaka 1871, alimwandika Sewa Haji, aliyekuwa kijana wakati huo, kuwa mjanja na mwongo katika biashara ya wapagazi. Stanley alikuwa mnunuzi mwenye haraka na mwandishi aliyependa kuwakejeli watu, kwa hiyo ushahidi wake haupokelewi kibubusa. Hata hivyo sina haja ya kumsafisha Sewa Haji. Biashara ya misafara ilisimama juu ya mabega ya watu waliolipwa kidogo, na pembe zake zilitoka kwenye barabara zilezile zilizopitisha watumwa. Ukweli huo unabaki. Ninachosema ni kwamba mali ya chanzo hicho ilikuwa na njia nyingi za kwenda, na wengi wa rika lake waliipeleka kwa warithi peke yao. Kuirudisha kwa mgonjwa na mtoto wa mji uliomtajirisha hakufuti deni, lakini ni kulikiri na kuanza kulilipa. Wapo pia watakaosema alijipendekeza kwa watawala. Huenda alihitaji hisani yao. Lakini anayejipendekeza hufuata matakwa ya mkubwa, na sharti la kutobagua rangi halikuwa takwa la dola ya kikoloni.

Baadaye mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Hospitali yenye jina la Sewa Haji iliendelea chini ya Waingereza hadi mwaka 1956, ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina lake likasalia kwenye jengo moja. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majumba ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Waasia. Lengo la haki lilieleweka, ila fikra kwamba mwenye nyumba anaweza mwenyewe kuwa na wajibu kwa mtaa wake ilizidi kufifia. Wajibu wote ukawa wa serikali. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Wenye nyumba wamerudi kwa wingi tangu hapo, na kodi ya miezi sita au mwaka hudaiwa mbele. Utoaji nao upo, lakini mwingi ni wa siku moja: vitanda, magodoro, rangi ya ukutani, picha ya pamoja. Umeme wa mwezi ujao na uji wa kesho havina mfadhili.

Atakayesema kwamba afya ni kazi ya kodi za serikali na bima ana haki. Hisani ya matajiri haiwezi kuchukua nafasi ya mfumo wa wote, na mgonjwa hapaswi kuomba. Lakini hata bima haifiki kila mahali: ndugu anayemuuguza mgonjwa kutoka wilaya ya mbali bado anahitaji kula, na zahanati ya mtaa bado inahitaji maji. Pengo hilo ni dogo kwa bajeti ya taifa, na ni la kila mwezi, kama ilivyo kodi. Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba wa Kariakoo, Sinza, Magomeni na kwingineko: tengeni kodi ya chumba kimoja, mwandike kwa mwanasheria au kwa wakfu, muielekeze kwenye zahanati ya mtaa wenu, na mweke sharti kwamba isimbague yeyote.