Muuingie Mji Nyote

Lindi

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako anaendelea vizuri na dawa zake. Tumeshukuru kusikia kwamba mkeo na watoto wamefika salama Berlin, na kwamba mmepata nyumba katika mtaa wa Wedding. Uliposema kwenye simu, "Mjomba, usijali, kila kitu nakishughulikia mimi," niliona nikuandikie, maana nasaha yangu iko hapo hapo.

Wewe una kazi, una wenzako, na Kijerumani umeshakianza. Mkeo hana hata kimoja katika hivyo. Mume anayekwenda benki, ofisini na kwa daktari peke yake hudhani anampunguzia mkewe mzigo, kumbe anamfungia ndani. Katika miaka yangu ya ubaharia, Hamburg, niliyaona hayo kwenye nyumba za wenzetu. Mume akiugua, nyumba nzima ilikwama, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua hata bili inalipwaje. Waliokaa kwa amani ni wale ambao mke na mume kila mmoja aliujua mji kwa miguu yake mwenyewe.

Basi anzeni pamoja. Sheria inawapa wiki 2 tangu kuhamia nyumba kwenda Bürgeramt, yaani ofisi ya wakazi, kujiandikisha, mkiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba mnaishi hapo. Cheti mtakachopewa huombwa huku na huko, kwa hiyo kitunzeni. Akaunti ya benki iwe na majina yenu mawili. Wajerumani bado wanaandikiana kwa posta, na barua ya ofisi isiyojibiwa kwa tarehe yake huleta gharama. Mkeo ajue kila barua inasema nini na imewekwa wapi.

La pili ni lugha, na hapo yeye atangulie. Kozi ya serikali wanayoiita Integrationskurs kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na utamaduni. Ulizeni Volkshochschule, chuo cha elimu ya watu wazima, ya mtaani kwenu. Usimwambie asubiri mpaka watoto wakue. Tangu Agosti 2018 wazazi wa Berlin hawalipi ada ya Kita, yaani chekechea; wanachangia chakula na vitu vidogo vya ziada. Vocha ya Kita huombwa Jugendamt, ofisi ya watoto na vijana, lakini nafasi ni za kugombania, hivyo ombeni mapema na kwenye Kita zaidi ya moja. Siku za mwanzo mzazi hukaa na mtoto pale pale, kisha humwacha kidogo kidogo hadi azoee. Omba likizo ukae naye wewe, mkeo aende darasani. Hakuna mwanamume aliyepungukiwa heshima kwa kukaa na mwanawe.

Mtoto mkubwa atawapita wote wawili kwa Kijerumani. Furahini, lakini msimgeuze mkalimani. Maradhi ya mama yake na madeni ya baba yake si mzigo wa mtoto. Nyumbani mseme naye Kiswahili bila woga. Kijerumani atakipata Kita na shuleni.

Tena mpelekeni Museum für Naturkunde. Atamkuta dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyeundwa kwa mifupa iliyochimbwa Tendaguru, hapa kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mwambieni kwamba wachimbaji na wabebaji wa huku ndio walioitoa mifupa ile ardhini na kuifikisha bandarini. Mwambieni pia habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyetoka Bagamoyo, akafundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, akafia huko mwaka 1927. Mtoto anayeyajua hayo hatajiona kama amejipenyeza katika mji wa watu.

Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni. Msijifungie ndani kwa ajili ya baridi; wavalisheni watoto vizuri wakacheze nje, na mumwulize daktari wao habari ya vitamini D. Jumapili maduka hufungwa, nunueni Jumamosi. Kuanzia saa 4 usiku nyumba iwe kimya, na majirani wasalimieni mkikutana ngazini, hata wasipowaanza.

La mwisho ni fedha. Najua unachukua zamu za usiku ili utume huku. Zamu hizo ndizo zinazomnyima mkeo darasa, kwa kuwa hakuna wa kubaki na watoto. Mama yako tutamwangalia, na gharama ya dawa zake ninaibeba mimi. Wengine wakikupigia simu kuomba fedha, lipa kwanza kodi na bima, kisha uwaambie "sina" pasipo aibu. Jambo hilo nitalieleza mwenyewe mbele ya ukoo, wala hutaitwa mchoyo.

Mwanangu, umeoa mwanamke aliyeendesha duka lake mwenyewe sokoni. Hakusahau akili zake uwanja wa ndege. Wiki hii punguza zamu moja, ufuatane naye Volkshochschule, aandikishwe kwa jina lake.

Msalimie sana, na wajukuu zangu wote. Wabillahi tawfiq.

Mjomba wako