Taa za Dari, Nondo za Madirisha na Usingizi wa Familia Zetu





Karibuni tulibadilisha taa za dari nyumbani kwetu Gihosha, zile ndogo za duara zinazozamishwa ndani ya dari. Tumeona tuwashirikishe tuliyojifunza, kwani nyumba nyingi za Bujumbura zinazo.

Fundi alipoivuta ya kwanza, tuliona ubao wa dari umebabuka na kuwa wa kahawia pande zote. Juu yake kulikuwa na vumbi, vipande vya maboksi na kiota cha panya. Balbu zilikuwa za halojeni, wati 50 kila moja. Sehemu kubwa ya umeme wa balbu hizo hugeuka joto, nalo lilipanda moja kwa moja kwenye takataka zile, chini ya mabati yaliyochomwa na jua kutwa.

Hapo tulikumbuka Hadiyth ya Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Al-Bukhaariy: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliamrisha milango ifungwe na taa zizimwe usiku, kwani panya huenda akauburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Siku hizi panya haburuti utambi, hutafuna waya, lakini madhara ni yale yale.

Tulichofanya ni hiki. Tulizima swichi kuu, si ya ukutani tu. Tuliweka taa za LED za wati 5, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa zamani. Transfoma za zamani zilitolewa, kwa sababu nyingi haziendani na LED. Maungio ya waya yaliingizwa kwenye viboksi vyake badala ya kuzungushiwa utepe tu, na dari likafagiliwa. Kisha fundi alikagua dijonteri: waya wa taa wa milimita mraba 1.5 unatosha dijonteri ya ampea 10. Ukiweka kubwa kupita kiasi, waya utaungua kabla dijonteri haijakata.

Kazi ya taa iliisha kwa siku moja. Swali gumu likabaki: moto ukizuka usiku, tutatokea wapi? Madirisha yetu yote yana nondo kwa kuogopa wezi, na mlango hufungwa kwa kufuli. Tulikumbuka gereza la Gitega, Desemba 7, 2021. Moto ulizuka alfajiri watu wakiwa wamefungiwa ndani. Serikali ilitangaza vifo vya watu 38, na wizara ya mambo ya ndani ikasema chanzo ni hitilafu ya umeme.

Tulijadiliana siku tatu. Mmoja wetu alisema mwizi tunamjua, moto hatujauona. Mwingine akauliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinaweza kurudishwa: televisheni au mtoto? Mwishowe tulimwita fundi wa kuchomelea, akafanya nondo za dirisha moja la chumba cha watoto zifunguke kwa ndani. Pesa zilitoka katika fungu la nguo za 'Iyd, na watoto tuliwaeleza sababu. Ufunguo unaning'inia pale mdogo wao anapoufikia, lakini mtu wa nje haufikii.

Bibi yao, atembeaye kwa mkongojo, hawezi kupita dirishani. Tulimwomba ahamie chumba kilicho karibu na mlango. Hakupenda, kwani chumba chake amekizoea. Alikubali kwa sharti kwamba mswala wake uwekwe kama ulivyokuwa.

Familia nazo zitazame haya: mshumaa usiachwe ukiwaka umeme unapokatika. Jiko la makaa lisilale ndani, kwani hewa yake huua kimya kimya bila moto. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, funika na zima jiko, usimwagie maji. Waya ukiwaka, kata umeme kwanza. Fungeni milango ya vyumba mnapolala, kwani mlango uliofungwa huchelewesha moshi. Na mfanye jaribio la kutoka gizani pamoja na watoto.

Abu Muusa Al-Ash'ariy (Radhiya Allaahu 'anhu) amesimulia kuwa nyumba moja ya Madiynah iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akawaambia Maswahaba kuwa moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Basi kuhakikisha usalama wa nyumba ni katika kufuata Sunnah, sawa na adhkaar za kulala. Tusichague kimoja tukaacha kingine.

Tunamuomba Allaah azihifadhi nyumba zetu na za majirani zetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.