Kijiji cha kupanga

Nilipotea kwa sababu sikuwa na pa kukaa, na wala si utani. Mwaka wa pili nafasi ya hosteli sikupata, basi nikaanza kuzunguka kutafuta chumba. Hapa Moshi vyuo vimekaa karibu karibu, Ushirika, Mwenge na KCMC kule juu, kwa hiyo wanafunzi wote tunagombania vyumba vilevile.

Rau nilipata chumba cha bei poa ila choo ni cha nje na foleni yake asubuhi usiombe. Longuo pazuri, migomba kati ya nyumba na nyumba, darasani unakwenda kwa mguu. Elfu hamsini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Laki tatu jamani, na bumu lenyewe halijaingia!

Nikampigia bibi Masama kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unatafuta kijiji cha kukaa, kwani wewe huna kijiji?"

Hapo sikuwa na jibu. Kwetu Wachagga, kwa mila, nyumba ya wazazi na kihamba chake huachiwa kitinda mimba wa kiume. Huyo alikuwa baba, naye alishafariki, na mtoto wake wa kiume ni mimi peke yangu. Pale nyumbani amebaki bibi, ng'ombe mmoja, migomba, na kahawa aliyopanda babu enzi hizo KNCU ikiitwa chama na kila mtu anajua unasema chama gani.

Basi nikahamia Masama. Naamka saa kumi alfajiri, bodaboda mpaka Kwa Sadala, nasubiri gari la Moshi, kipindi saa moja na nusu. Ilikuwa Aprili, na mvua za Aprili kule mlimani mnazijua, udongo unateleza kama sabuni. Wiki ya pili nikachelewa jaribio la takwimu, nikakuta wenzangu wanatoka.

Lakini kilichonishinda si jaribio. Kila nikiamka nilikuta moto umeshawashwa na chai iko tayari. Bibi ana miaka themanini na kitu, na alikuwa anaamka kabla yangu. Nikimwambia alale, anasema usingizi wenyewe hana. Jioni namkuta ameshakata majani ya ng'ombe, kazi niliyosema nimekuja kumsaidia.

Nikamwambia narudi Moshi ili apumzike. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mimi mwenyewe nilitaka kulala mpaka saa kumi na mbili kama watu wengine. Nadhani alijua. Alinifungia ndizi kwenye kiroba, akaniuliza kama huko Longuo maji yanatoka.

Mama mwenye nyumba nilimbembeleza akapokea miezi mitatu kwanza. Akaziona ndizi.

"Kwenu wapi, baba?"

"Masama."

"Hapo Masama? Na umekuja kupanga?"

Nikamweleza kidogo, si yote. Akahesabu hela yake mara mbili, akanipa funguo, akasema geti linafungwa saa nne usiku.

"Ijumaa mpaka Jumapili sitakuwepo," nikamwambia. "Nakwenda kukata majani."