Bei ya Safari ya Mgonjwa: Baraka na Fizi

Baraka imekaa ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Mbele yake ni ghuba, na ng'ambo ya ghuba ni rasi ndefu ya Ubwari. Nyuma yake barabara yapanda vilimani hata Fizi. Nchi hii yapendeza macho. Lakini mwenye mgonjwa hautazami uzuri wake: huhesabu mwendo na bei yake.

Mgonjwa wa Ubwari huja kwa mtumbwi; upepo ukichafua ziwa, hungoja. Mgonjwa wa milimani huchukuliwa kwa kipoyi mabegani mwa wanaume, na wengine hufuata ili kuwapokea wakichoka. Kipoyi hakinywi petroli, lakini wachukuzi hula, na siku ile mashamba yao hayalimwi. Penye njia ya pikipiki, mgonjwa huketi katikati, dereva mbele, na ndugu nyuma akimshika asianguke. Mwenye pikipiki hutaka fedha kwanza, wala hana kosa, maana petroli hainunuliwi kwa ahadi. Hata gari la wagonjwa, lijapokuwapo, lahitaji mafuta na magurudumu, na wakati wa mvua hukwama matopeni.

Basi jamaa hukaa kufanya shauri: tuuze mbuzi? Tukope kwa nani? Hapo ndipo penye hatari. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Damu haingoji mnunuzi wa mbuzi.

Wala tusiwaachie wageni mzigo huu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Baraka mwaka 2003. Mwaka 2021, baada ya watumishi wake kushambuliwa, lilitangaza kuondoka wilayani Fizi. Amshambuliaye mganga njiani amfungia njia mama yake mwenyewe.

Njia hii imekwisha kuona mengi. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi walifika kwa gari misioni ya Baraka, wakawaua Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara. Siku ile ile wakapanda Fizi, wakawaua Padre Giovanni Didoné na Padre Albert Joubert. Hao wote walikuwa wamekubali kubaki na waamini wao. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa Wenye Heri. Gari la siku ile lilipeleka mauti. Sisi tunaowaheshimu mashahidi hao yatupasa kupeleka uzima katika njia ile ile.

Twaweza. Kila jumuiya ya Kikristo na iweke kisanduku cha safari ya wagonjwa. Kila nyumba itoe kidogo wakati wa mavuno, au ndagala wanapopatikana kwa wingi. Wazee wapatane bei mapema na wenye pikipiki na mitumbwi. Mgonjwa aondoke kwanza, hesabu ifuate. Wala asiulizwe dini yake au kabila lake.

Msamaria Mwema hakufunga jeraha tu. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamfikisha, na gharama akailipa mwenyewe.